Kupaka nta upote wa upinde

Pitisha upote wako kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha uutazame kwenye mwanga. Ukikwaruza, na ukiona vinyweleo vimesimama kama vya kifaranga, una kiu ya nta. Naeleza hapa upote wa nyuzi za poliesta, kama Dacron, kwenye upinde usio na puli. Upote wa kano za mnyama, kama wa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, una matunzo yake. Kano ikilowa hulegea.

1. Kagua kwanza. Nta haiungi uzi uliokatika. Angalia vitanzi vya ncha zote mbili, halafu katikati pale mshale unapopachikwa. Ukikuta hata uzi mmoja umekatika, vua upote huo na usiurudishe tena.

2. Toa nta kuukuu. Chukua uzi wa kusafishia meno, uzungushe mara moja kwenye upote, ukaze kidogo, uvute kutoka juu kwenda chini. Utatoka uchafu mweusi wenye chembe za mchanga. Chembe hizo zikibaki ndani husaga nyuzi kama msasa kila unapovuta. Petroli na mafuta ya taa viache kabisa.

3. Paka nta kidogo. Nta safi ya nyuki inafaa sana kwa poliesta. Ipitishe juu na chini mara tatu au nne, upinde ukiwa umefungwa upote. Ruka zile sehemu zilizozungushiwa uzi wa kukinga, hasa ya katikati: nta hapo hunata kwenye vidole na kuharibu uachiaji.

4. Sugua. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndipo kazi yenyewe ilipo. Nta iliyolala juu haikingi chochote, inakusanya vumbi tu. Kunja kipande cha ngozi laini, ushike upote ndani yake, usugue haraka kwenda na kurudi, kipande kifupi kifupi, mpaka vidole vihisi joto kupitia ngozi. Utaona ule weupe wa nta unapotea, vinyweleo vinalala, na upote unang'aa kidogo. Hapo nta imeingia kati ya nyuzi. Tafadhali usiharakishe kwa kiberiti wala mashine ya kukaushia nywele. Joto la msuguo linatosha, na moto huziua nyuzi hizi. Niliwahi kutupa upote mpya kwa sababu hiyo.

5. Futa ziada kwa kitambaa kikavu.

6. Pima. Pima kutoka kwenye upote hadi sehemu ya ndani kabisa ya mshikio. Kwa upinde wa inchi 68, mara nyingi ni kati ya inchi 8 na 9. Fuata kipimo cha mtengenezaji. Ukikuta kimepungua, upote umerefuka: legeza upinde, vua kitanzi kimoja, ongeza mizunguko michache kuelekea upande uleule uliosokotwa awali, ufunge tena, upime. Upote mpya upime kila siku ya mazoezi, maana siku za mwanzo huendelea kurefuka.

Mimi hupaka kila baada ya wiki mbili, na mapema zaidi nikifanya mazoezi karibu na bahari au baada ya mvua. Upinde usiuache ndani ya gari lililoegeshwa juani: nta huyeyuka ikachuruzika, na upote hurefuka ukiwa umevutwa hivyo hivyo.