Gari la kwenda job kila siku kutoka mbali, chagua hivi

Kama unakaa Kibaha na job ni Posta, katikati ya Dar, kwenda na kurudi ni kama kilomita 80, so usianze na rangi wala rimu, anza na wese. Gari la kilomita 12 kwa lita linakula karibu lita 7 kwa siku, la kilomita 16 linakula 5 tu, piga hesabu ya mwezi uone. Toyota Passo ya cc 990 inabana matumizi sawa, ila ina silinda tatu, hapo Kimara kwenye foleni AC ikiwaka utaisikia inavyotetemeka, na barabarani lori likikupita unayumba. Mi ningechukua Axio au Premio ya cc 1500, siti zake mgongo haulalamiki.

Ukienda kulikagua kaa kwenye siti nusu saa nzima, dalali anune tu. Nyingi za Axio ni CVT, yaani gia ya otomatiki isiyo na hatua, inayotaka oili yake maalum, so muulize mwenye gari aliweka oili gani ya gia, akisema ya kawaida ondoka. Tairi nazo jaza upepo kama ilivyoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, zikipungua wese linaenda.