Namna ya kuchagua skafu kuukuu ya hariri ya Como

Nikishika skafu kuukuu kwenye soko la vitu vya zamani hapa Italia, lebo huiangalia mwisho. Viwanda vya Como, mji wa hariri kaskazini mwa Italia, vimewachapia watu wa mitindo vitambaa kwa miaka mingi, na jina lililoshonwa mara nyingi ni la muuzaji. Anza na upindo.

Upindo wa mkono huviringwa, ukawa mnene kidogo, na mishono yake haifanani sawasawa. Wa mashine umelala bapa. Skafu ambayo upindo wake umegandamizwa kwa pasi siitolei pesa nyingi, hata mchoro uwe mzuri vipi.

Kisha igeuze. Zamani kila rangi ilikuwa na fremu yake ya kuchapia; skafu ya rangi ishirini ilipita fremu ishirini. Rangi ilizama ndani. Iliyochapwa kwa printa za siku hizi, mara nyingi upande wa nyuma umepauka.

Ukikuta uzi uliolegea, omba ruhusa uuchome. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Ila usiulize kama uzi ni wa Italia. Como imekuja kutegemea uzi wa China, na sifa yake ni kufuma, kuchapa na kumalizia kitambaa.

Mimi hutafuta hasa kazi za enzi ya Antonio Ratti, mwenye kiwanda cha hariri wa Como. Alianzisha kampuni yake mwaka 1945, akajenga kiwanda Guanzate, karibu na Como, na akakusanya vitambaa vya kale kutoka nchi nyingi. Ndiyo maana naipenda michoro ile: imetoka kwa mtu aliyesoma vitambaa vya watu wengine kwa heshima. Mwaka 1989 kampuni iliingia soko la hisa. Baadaye tai za hariri zikapungua shingoni mwa wanaume, na mwaka 2005 Ulaya ikaondoa mipaka ya zamani ya kiasi cha nguo kutoka nje, ushindani wa bei ukawa mkali. Ratti alifariki mwaka 2002, na mwaka 2010 Marzotto, kundi la makampuni ya nguo la Italia, likashika hisa nyingi. Kiwanda bado kinafanya kazi, lakini usukani umetoka mikononi mwa familia, na hilo linaniuma.

Ukishanunua, ifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Usiikamue, ikunje ndani ya taulo, kisha ianike kivulini. Ipige pasi ikiwa bado na unyevu, upande wa nyuma, na upindo uukwepe.