Bata mzinga mwitu uani: mambo ya kuzingatia kabla ya mwezi Machi

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, za kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko, zimehamia kaskazini-mashariki mwa Marekani, likiwemo jimbo la Maine. Anayepata nyumba nje ya mji, kwenye nyasi na miti, hukutana mapema na bata mzinga mwitu. Wanatoka msituni kwa mstari, kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi, na kupita uani kana kwamba wana hati ya kiwanja. Dume ana uzito wa kilo 7 hadi 11, jike nusu yake. Hawajatoroka bandani kwa mtu. Jimbo la Massachusetts, la eneo hilo hilo, lilimpoteza bata mzinga wake wa mwisho mwaka 1851, baada ya misitu kufyekwa na uwindaji kukosa mipaka. Mwaka 1972 na 1973 wakaachiwa ndege 37 waliokamatwa jimbo la New York, na uzao wao leo umepita 30,000. Maine ilianza upya mwaka 1977 na 1978 kwa ndege 41 kutoka Vermont. Hawa ni wenyeji waliorudishwa, na inafaa wapokewe kwa heshima na kwa tahadhari.

Muda wa kujiandaa ni Februari, theluji ikiwa bado chini. Machi ikiingia, madume huanza kutanua mikia na kugombea majike, na msimu huo huendelea hadi Mei. Kundi la bata mzinga lina ngazi ya vyeo: kila ndege anajua nani aliye juu yake na nani aliye chini. Ndege aliyezoea watu huwaingiza na watu katika ngazi hiyo hiyo. Mtu anayemkimbia amejiweka chini, na kesho atafukuzwa tena. Kumzuia ndege asijifunze tabia hiyo ni kazi ndogo. Kumwachisha akishajifunza ni kazi ya wiki nyingi, na kwa ndege wengine haiwezekani kabisa.

Kwa hiyo anza na chakula. Karibu kila ndege msumbufu ameanzia kwenye chakula cha binadamu, na mara nyingi aliyempa hakukusudia. Chombo cha kulishia ndege wadogo kinaning'inia mtini, wale wadogo wanachagua mbegu nzuri za alizeti, nyingine zinamwagika, na bata mzinga wanasafisha chini. Kundi likishajua hapo pana mbegu, litapita kila siku. Ondoa chombo hicho kabla ya mwisho wa Machi. Dubu weusi nao huanza kuamka majira hayo kutoka usingizi wao wa miezi ya baridi na hufuata mbegu hizo hizo, kwa hiyo faida ni mbili. Fagia maganda na mbegu zilizobaki hadi udongo uonekane, kwa sababu bata mzinga huparua kama kuku na atafukua hata kilichofunikwa na majani. Usimtupie mkate wala mahindi, hata kama watoto wanafurahia kumwona. Halafu zungumza na majirani. Nyumba moja inayolisha inatosha kuharibu kazi ya nyumba kumi, maana kundi hutembea kilomita kadhaa na halijui mpaka wa kiwanja. Nenda ukiwa mpole, eleza sababu, na uende mapema, kabla ya mtu yeyote kuwa na malalamiko.

Jambo la pili ni vitu vinavyong'aa, na hapa ndipo wengi hushtuka. Dume aliye katika msimu akijiona kwenye kioo huona dume mwingine amesimama katika eneo lake. Anatanua mkia, kichwa kinabadilika rangi kati ya nyekundu, nyeupe na buluu, kijinyama cha juu ya mdomo kinarefuka hadi kuning'inia upande, kisha anaanza kudonoa. Yule wa kiooni naye anadonoa, hakubali kushindwa, na ugomvi unaweza kuchukua saa nzima. Ubavu wa gari jeusi lililooshwa vizuri ni kioo tosha, na alama za mdomo na za kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu wa dume, hubaki kwenye rangi. Kumfukuza peke yake hakusaidii sana, kwa kuwa atarudi kumtafuta adui yule yule. Dawa ni kuiondoa taswira. Paka kipande cha sabuni kikavu kwenye vioo vya chini kwa upande wa nje, hasa madirisha ya chumba cha chini ya ardhi yaliyo usawa wa nyasi. Visha vioo vya pembeni vya gari mifuko ya kitambaa, na ubavu wa gari uufunike kwa shuka kuukuu lililofungwa kamba ili upepo usilichukue. Weka shuka na kamba karibu na mlango tangu sasa, usingoje kuzitafuta siku ya tukio.

Kila mtu wa nyumbani ajifunze kusimama. Baba akiwafukuza kwa ufagio kila asubuhi, ndege watamheshimu baba, na bado watamwandama mtoto na bibi, kwa sababu kila mtu anapewa cheo chake. Mwenye kusogelewa ajinyooshe, apaze sauti, apige hatua kuelekea kwa ndege, na asigeuze mgongo. Mwavuli unaofunguliwa ghafla mbele yake hufanya kazi vizuri sana, na ni mwepesi kwa mzee. Ufagio mrefu, sufuria na mwiko, au mpira wa maji uliokwisha kufunguliwa, vyote vinafaa. Si lazima kumgusa ndege wala kumjeruhi. Watoto wanaongoja basi la shule wafundishwe kuinua mkoba juu ya kichwa waonekane wakubwa, wakae pamoja, na wasikimbie: bata mzinga hukimbia hadi kilomita 40 kwa saa, hakuna mtoto atakayemshinda. Mbwa akibweka akiwa kwenye kamba anatosha. Usimwachie, maana dume ana vipi vikali miguuni.

Bustani haina hofu kubwa kama watu wanavyodhani. Bata mzinga huonekana mchana, basi hulaumiwa kwa kila kitu. Mahindi yaliyoangushwa usiku ni kazi ya rakuni, mnyama mdogo anayetembea usiku, au kulungu, kwa sababu bata mzinga hupanda mitini jua likizama na hawashuki hadi alfajiri. Soma alama: mavi ya dume yamejikunja kama herufi J, ya jike yamejisokota kama konokono, na unyayo wa vidole vitatu una urefu wa karibu sentimita 10. Madhara yao halisi ni kuparua mbegu mpya, kudonoa stroberi, na kuchimba vibakuli vya vumbi kwenye udongo mkavu ili waoge. Ukikuta shimo pana la kina kifupi lenye manyoya mawili matatu ndani, ni bafu lao. Tandaza wavu juu ya kitalu, uuinue kwa vijiti sentimita 30 ili wasidonoe kwa kupitia matundu, na ubane kingo kwa mawe.

Ukifuga kuku, usikubali wachangie uwanja na wageni hawa. Kuku wanaweza kubeba, bila kuonekana wagonjwa, vijidudu vya ugonjwa unaoshambulia ini na utumbo, na bata mzinga hufa kwa ugonjwa huo. Vijidudu husafiri ndani ya mayai ya minyoo, na mayai hayo hudumu miaka udongoni. Kwa upande mwingine, ndege wa mwituni wanaweza kuleta mafua ya ndege bandani. Chakula na maji viwe chini ya paa, ndani ya wavu.

Barabarani, punguza mwendo alfajiri na jioni. Mmoja akivuka, kundi lote litafuata, na wa mwisho huwa amechelewa. Washa taa za tahadhari, ngoja, usipite kati ya mstari. Ndege wa kilo 10 akiruka usawa wa kioo cha mbele ni hatari kwenu nyote.

Wengine wakiwaona hufikiria mboga, na hilo linaeleweka kwa watu waliozoea kufuga na kuchinja. Lakini kila jimbo lina sheria yake ya ndege huyu, na uwindaji unahitaji leseni, kibali na msimu uliotangazwa. Massachusetts hairuhusu kupiga risasi ndani ya futi 500, yaani kama mita 150, kutoka nyumba inayokaliwa, isipokuwa mwenyewe ameridhia. Tafuta mapema namba ya idara ya wanyamapori ya jimbo lako uibandike jikoni. Ndege aliyefikia kuwashambulia watu wazi wazi ni wa kuripotiwa huko. Usimtege wala kumhamisha mwenyewe.

Kabla ya kukata nyasi ndefu mwezi Mei, pita kwanza kwa miguu ukikagua chini ya vichaka na mashina. Jike hutaga chini, kwa kawaida mayai 10 hadi 12, ya rangi ya maziwa yenye madoa ya kahawia, na huatamia siku 28 bila kutikisika hadi unakaribia kumkanyaga. Ukimkuta, rudi nyuma taratibu na uache kipande hicho cha nyasi bila kukatwa hadi katikati ya Juni. Vifaranga wakitotolewa huondoka na mama yao ndani ya siku moja, lakini hawawezi kuruka kupanda mtini hadi wafikishe kama wiki mbili, na hulala ardhini chini ya mbawa zake. Wiki hizo mbili weka ufagio pembeni, mfunge mbwa, umwachie mama njia.