Kupima miendo ya macho kwa kamera ya kompyuta, hatua kwa hatua

Nimeandika haya baada ya kumsaidia mwanafunzi mmoja hapa Kisumu. Programu yake ilikuwa inakamata nyusi, kope, hata kivuli cha pua, lakini mboni haioni.

1. Kamera. Chukua ya USB ambayo lenzi yake inafunguka kwa kuzungushwa. Ya simu achana nayo, hujibadilishia fokasi na mwanga yenyewe. Nyuma ya lenzi kuna kioo kidogo kinachozuia infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Kitoe.

2. Mwanga. Kazi iko hapa. Macho yetu mengi ni ya kahawia iliyokolea, na chini ya balbu ya kawaida mboni na duara linaloizunguka huwa weusi mmoja. Melanini, ile rangi ya asili inayofanya jicho liwe la kahawia, hunyonya sana mwanga tunaouona, ila infraredi ya nanomita 850 hainyonyi sana. Washa taa ya LED ya aina hiyo: duara linageuka kijivu, mboni inabaki nyeusi.

Taa ikae pembeni ya lenzi. Ikikaribia mno, mboni itang'aa kama ya paka usiku, na hesabu zako zote zigeuke. Jua nalo lina infraredi tele, na pazia jepesi halisaidii kitu saa sita mchana. Tumia chumba kisicho na dirisha, au subiri jioni. Mbele ya lenzi weka kipande cha negativu ya rangi (filamu ya kamera za zamani) iliyopigwa mwanga mwingi, na baada ya kusafishwa ikawa nyeusi. Hupitisha infraredi na kuzuia mwanga mwingine. Studio za picha za zamani bado wanazo.

Tahadhari: jicho halioni infraredi, kwa hiyo halijikingi. Mwanga unaofika jichoni usizidi miliwati 10 kwa sentimita mraba. Mimi hukaa chini kabisa ya hapo.

3. Kichwa. Fundi wa jua kali pale Kibuye atakuchomelea egemeo la kidevu. Skrini iwe sentimita 57 kutoka jichoni. Hapo sentimita 1 ni takriban digrii 1.

4. Msimbo. OpenCV, maktaba ya bure ya kuchakata picha, inatosha: weka kizingiti cha weusi ili ibaki mboni tu, kisha ichoree duaradufu ili upate kitovu chake. Toa nafasi ya nukta ya taa inayong'aa kwenye konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho) kutoka kwa kitovu cha mboni. Tofauti hiyo huvumilia kichwa kikisogea kidogo.

5. Mtazamaji aangalie nukta tisa kwenye skrini, moja baada ya nyingine, ili programu ioanishe tofauti hiyo na mahali anapotazama. Akiinuka, rudia.

Kwa fremu 30 kwa sekunde utajua jicho lilitua wapi. Kasi ya mruko, yaani jicho linaporuka kutoka sehemu moja hadi nyingine, usiiandike: mruko mwingi huisha ndani ya milisekunde 30 hadi 80, na kutoka fremu moja hadi nyingine tayari ni 33.