Somo: Gaucher kwenye ICD-10, someni hapa kabla ya kunitafuta WhatsApp

Nimechoka kutumiwa picha za mafaili usiku: "Mzee, huyu wa Gaucher anaingia wapi?" Naandika mara moja tu, jinsi ya kuuweka ugonjwa huu kwenye ICD-10, kitabu cha WHO cha misimbo ya magonjwa. Wahusika ni sisi wa kumbukumbu za afya hapa Uganda, hospitali za rufaa za mikoa hadi vituo vya afya vya ngazi ya nne (Health Centre IV).

Kwa mgeni: Gaucher ni ugonjwa unaorithiwa kwa baba na mama wote wawili. Kimeng'enya cha kuvunja aina fulani ya mafuta hakitoshi, mafuta yanarundikana kwenye wengu, ini na uboho. Kwetu malaria, selimundu na kichocho cha kando ya Ziwa Albert vyote huvimbisha wengu, kwa hiyo jina hili huandikwa kwa nadra, na likiandikwa kila mtu anababaika.

1. Soma faili lote, hasa fomu ya kuruhusiwa.

2. Tafuta jina kwenye faharasa, Juzuu ya 3, kisha uhakikishe kwenye Juzuu ya 1.

3. Msimbo ni E75.2. Ukiuliza Google utaletewa E75.22, na hapo ndipo rejista nyingi zinapoharibika. Huo ni wa ICD-10-CM, toleo la Marekani lenye tarakimu za ziada. Kitabu cha WHO kinakomea E75.2. Magonjwa mengine ya kurithi vilevile. Pompe: wao E74.02, sisi E74.0. Wilson: wao E83.01, sisi E83.0. Kinachopumbaza ni kwamba fenilketonuria ni E70.0 kote kuwili, basi aliyeanza na huo anadhani vitabu ni kimoja.

Msije mkajifanya wajanja wa kukata tarakimu ya mwisho. Kuna misimbo yao ambayo kwetu haina mwenzake kabisa. Fungua kitabu.

Jambo la pili, na hili nalisisitiza: E75.2 si ya Gaucher peke yake. Magonjwa ya Fabry, Krabbe na Niemann-Pick yamo humo humo. Ukiandika msimbo bila jina, mwakani hakuna atakayejua mgonjwa alikuwa na nini. Andika jina kwa maneno, na aina yake (1, 2 au 3) kama daktari ameitaja. Nafasi ikiwepo ongeza ORPHA:355, namba ya Orphanet, hazina ya taarifa za magonjwa adimu. Hiyo ni ya Gaucher tu.

4. Daktari akiweka alama ya kuuliza mbele ya jina, mfuate umuulize. Mgonjwa akiruhusiwa bado anashukiwa na hakuna maelezo zaidi, Juzuu ya 2 inasema uweke msimbo kana kwamba umethibitishwa. Ukichunguzwa ukaonekana haupo, ni Z03. Akiandika "wengu mkubwa" tu, ni R16.1. Usimtibu mgonjwa kwa kalamu yako.

5. Kwenye HMIS 108, ripoti ya kila mwezi ya wagonjwa waliolazwa, usitafute mstari wa Gaucher. Anahesabiwa kwenye magonjwa mengine; undani unabaki kwenye faili na rejista.

MASWALI

Kijana wa Tororo: Mzee, sijasoma yote, naomba msimbo tu.
— Hatua ya 3.

Okello_K: Mimi natumia E75.22 siku zote na hakuna aliyelalamika.
— Kutolalamikiwa si kupatia. Rekebisha.

Okello_K: Lakini ina undani zaidi, ubaya uko wapi?
— Ubaya ni kuchanganya vitabu viwili kwenye rejista moja. Undani nimekuonyesha pa kuuweka: jina, aina, ORPHA.

Sista wa Mbale: Habari mzee. Mtoto ana Pompe na misuli imelegea. Naandika miwili?
— Swali zuri, dada. Ndiyo. Ugonjwa wenyewe unatangulia na alama ya msalaba, E74.0†, kisha athari kwenye misuli na nyota, G73.6*. Wa nyota hauandikwi peke yake kamwe. Ukiona nyota kwenye Juzuu ya 1, tafuta mwenzake hapo hapo chini ya kichwa, utamkuta.

Mama Aisha, Arua: G6PD (upungufu wa kimeng'enya cha seli nyekundu za damu) nayo si ya kurithi? Mbona siioni kwenye E?
— Ni ya kurithi, ila imewekwa sura ya damu: D55.0, upungufu wa damu unaotokana nayo. Ukikutana na D75.A mtandaoni, ni ya Wamarekani kwa asiye na upungufu wa damu. Ndiyo niliyosema haina mwenzake kwetu.

Sista wa Mbale: Na mdogo wake mgonjwa wa Gaucher akiletwa kupimwa, hana dalili yoyote?
— Usimpe E75.2 kwa sababu ya kaka yake. Z83.4 ni ya historia ya magonjwa kama haya katika familia. Wazazi wote wakiwa wabebaji, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4, kwa hiyo namba ya faili la kaka iandike kwenye la mdogo, na la mdogo kwenye la kaka. Daktari wa zamu ijayo hatakuwa na muda wa kuyatafuta.

Mama Aisha, Arua: Hata kama wana majina tofauti ya ukoo?
— Hapo ndipo namba inapofaa zaidi.