Kabla hujafuta diski ya TiB 500 iliyozaliwa kwa herufi moja

Tuseme ulitaka kuandika 500G, kidole kikaangukia 500T. Ceph, mfumo unaounganisha diski za seva nyingi kuwa hifadhi moja, haitakulalamikia. Klasta yako, yaani kundi hilo la seva, inaweza kuwa na TiB 60 tu, na bado itaipokea diski ya TiB 500 bila onyo lolote, kwa sababu diski za RBD, yaani diski pepe za Ceph, hazichukui nafasi siku zinapoundwa. Nafasi huliwa kadiri data inavyoandikwa. Unagundua kosa dakika ileile, unaandika `rbd rm` kuifuta, unaenda kunywa chai. Ukirudi, asilimia bado ni sifuri.

Hapo ndipo watu hubonyeza Ctrl-C na kuanza kuhangaika. Afadhali ungetazama mambo machache kabla.

La kwanza ni ramani. RBD hukata diski vipande vya MiB 4, kwa hiyo TiB 500 ni vipande 131,072,000. Diski yenye `object-map` inajua ni vipande vipi vimewahi kuandikwa, na mpya isiyo na kitu hufutika upesi. Isiyo na ramani hiyo itabidi ibishiwe hodi kipande kwa kipande, hata kwa vipande ambavyo havijawahi kuwepo. Ukijaliwa kasi ya vipande 1,000 kwa sekunde, hiyo ni siku moja na nusu. Kwa hiyo anza na `rbd info`, usome mstari wa `features`. Matoleo ya sasa huwasha ramani yenyewe. Mashaka yako yaelekeze kwenye diski za zamani, na zile ambazo mtu alizima vipengele ili kerneli (kiini cha Linux) kuukuu iweze kuziunganisha. Kuijenga ramani upya wakati huo hakukuokolei muda, maana ujenzi wenyewe hupita kwenye vipande vyote vilevile. Ipo njia ya mkato ya kufuta vipande moja kwa moja kwa `rados`, zana ya ngazi ya chini ya Ceph, lakini ukikosea kiambishi cha majina unafuta data ya mwenzako. Mimi ningeikabidhi kazi kwa `ceph rbd task add remove`, ikajiendea nyuma ya pazia nami nikalala.

Angalia pia nani bado ameishika diski (`rbd status`), kama ina snapshoti (picha ya hali yake ya wakati fulani), na kama kuna kloni (diski zilizozaliwa kutoka snapshoti) zinazoitegemea. Hayo ni ya dakika mbili. Ukiwa na wasiwasi, `rbd trash mv` huiweka pembeni kwanza.

Kama ndani kuna data na unataka kuipunguza tu, mfumo wa mafaili hutangulia, diski hufuata. Ukigeuza mpangilio umekata mkia wa data. Ext4 hupungua ikiwa imeshushwa (unmount). XFS usiitegemee kwa hilo: unda diski mpya ya ukubwa sahihi, hamisha mafaili.

Sasa suala la nafasi, ambalo ndilo huumiza zaidi. Diski hizi ni kama basi lililokatiwa tiketi nyingi kuliko viti: safari ni shwari mpaka siku wote wafike stendi. Linganisha ulichoahidi na kilichotumika kwa `rbd du`, halafu kwenye `ceph df` tazama safu ya MAX AVAIL ya puli husika (fungu la hifadhi ambamo diski imo), kwa kuwa yenyewe imeshazingatia nakala ambazo Ceph hutunza za kila data. Kwa nakala 3, kila GiB ya mteja hula GiB 3 za diski halisi. Na mteja akifuta mafaili ndani ya mashine pepe, klasta haijui, hadi `fstrim` (amri ya kutangaza nafasi iliyoachwa) ipite na diski iwe imewashiwa `discard`, inayopitisha tangazo hilo hadi kwenye klasta. Hata hapo snapshoti inaweza kuendelea kuishikilia nafasi hiyo.

Kwa kawaida Ceph huonya OSD (huduma inayosimamia diski moja halisi) ikijaa asilimia 85, hukataa kuihamishia data ikifika 90, na ikifika 95 uandishi husimama. Wengi huona 70 na kujisikia salama. Piga hesabu na seva 4 zinazolingana, nakala 3: seva moja ikifa, data yake hugawanywa kwa 3 zilizobaki, na ile 70 inakuwa 93. Urejeshaji unakwama njiani. Na huo ni wastani tu. OSD iliyojaa kuliko wenzake ndiyo hufika ukutani kwanza. Kwa klasta ya namna hiyo, kengele yangu hulia kwenye 60.

Kabla hujaachia watu waunde diski wenyewe, puli ziwekewe kikomo kwa `ceph osd pool set-quota`. Kikomo hicho hupima kilichoandikwa, si kilichoahidiwa, kwa hiyo hakitamzuia mtu kuandika 500T. Na anayeacha herufi kabisa ajue kwamba `rbd` husoma namba tupu kama megabaiti: `--size 500` humpa diski ya MiB 500, na kwa kosa hilo angalau atapiga kelele mapema.