Umekuta vijikadi vya chai kwenye sanduku la bibi? Usivitupe

Jamani, ukifungua sanduku la bibi ukakuta vijikadi vya picha za ndege ama wanyama, geuza nyuma kwanza. Ukiona Brooke Bond, jina la kampuni ya chai, basi hizo zilikuwa zikitiwa ndani ya pakti za chai kule Uingereza, kuanzia 1954 mpaka 1999, na kila kadi ina namba yake na seti ina kitabu chake cha kubandikia. Kampuni ilianza Manchester 1869, mwenyewe Arthur Brooke, huyo Bond hajawahi kuwepo, jina liliongezwa tu kwa vile lilimpendeza masikioni (mie nilicheka sana).

Sasa kuzitunza ndo kazi. Kisiwa chetu hichi cha Unguja chumvi na unyevu, masika ikiingia tu kadi zinaota ukungu, kwa hiyo usiziegemeze ukutani, tia kwenye kopo la mfuniko wa kubana na kifuko cha mchele mkavu, ubadilishe ukiona umeanza kulainika. Selotepu marufuku! Zilizokwishabandikwa kitabuni ziache humo humo, ukizibandua utazichana.

Kama ni vijisanamu vya kauri, huenda vikawa vya chai ya Red Rose, Kanada walianza kuvitia ndani ya pakti 1967, Marekani 1983. Tazama chini utaona WADE, jina la kiwanda kilichovitengeneza. Osha kwa maji ya vuguvugu, basi.

Kadi unazokosa usizinunue kwa bei ya watalii pale Mji Mkongwe, andika namba umtumie shangazi aliyeko London akutafutie.